Siku ya Masomo ya Mtandaoni: Ipange kwa Kumtazama Mtoto Asiye na Simu

Shule inapoamua kujaribu siku moja ya masomo ya mtandaoni, kikao cha walimu huanza kwa mabishano ya programu. Tutumie Zoom au Google Meet? Nani ana laptopu? Katika shule ya kutwa ya Nyatike, Gwassi au Karachuonyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay, maswali hayo yangoje. La kwanza ni hili: simu iliyoko nyumbani kwa mwanafunzi ni ya aina gani, ni ya nani, na saa tatu asubuhi itakuwa wapi?

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi, waliokuwa wakitumia intaneti ni asilimia 22.6. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, Nairobi ikiwamo. Mambo yamesonga mbele tangu hapo, lakini bado mwalimu anayetegemea video ya moja kwa moja huenda akawaacha nje wanafunzi wengi hata kabla hajawaamkua.

Kwa nini basi shule ijisumbue? Kwa sababu siku ya kufundisha watoto wakiwa nyumbani itakuja, tupende tusipende. Machi 15, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya corona. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, na waliobaki wakangoja hadi Januari 4, 2021. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze Aprili 29. Mvua na mafuriko yakausogeza hadi Mei 6, kisha hadi Mei 13. Wakazi wa sehemu ya chini ya mto Kuja kule Nyatike hawahitaji kuelezwa maana ya mto kuvunja kingo. Vivyo hivyo wale wa ufuoni Homa Bay ambao ziwa limewahi kuwafuata hadi mlangoni. Siku moja iliyopangwa vizuri wakati wa jua ni mazoezi ya wiki mbili za maji.

Hatua zifuatazo zinaifaa shule ya msingi yenye sekondari ya msingi, na hata sekondari ya kutwa.

1. Fanya sensa ya simu wiki tatu kabla

Usiwaulize wanafunzi darasani wanyooshe mikono. Asiye na simu nyumbani atanyoosha kwa aibu. Mpe kila mwalimu wa darasa jukumu la kuwapigia wazazi wake, mazungumzo ya dakika moja: "Hujambo mama? Ni mwalimu wa darasa. Simu hii hubaki nyumbani mchana au hutoka na mwenyewe? Inaingia WhatsApp? Mnachajia wapi?"

Majibu yaandikwe kwenye daftari kwa mafungu manne: wenye simu janja inayobaki nyumbani, wenye simu janja inayorudi jioni, wenye kabambe tu (simu ndogo isiyo janja), na wasio na simu kabisa.

Fungu la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua ratiba. Mwendesha bodaboda wa Rongo hutoka na simu alfajiri na kuirudisha usiku, kwa kuwa ndiyo inayomletea wateja na malipo. Mchimba dhahabu wa Macalder naye hali yake ni hiyo. Mvuvi wa omena wa Mbita au Muhuru Bay mambo yake ni kinyume: huvua usiku kwa taa, hurudi ufuoni alfajiri, na asubuhi simu yake inaweza kuwa nyumbani naye amelala. Mwalimu anayejua hayo hatamlaumu mtoto kwa kuchelewa kujibu, na hatapanga kipindi cha lazima cha saa nne asubuhi kwa darasa zima.

Walio mpakani wana swali la ziada. Isebania na Muhuru Bay, simu inaweza kunasa mtandao wa Tanzania na kula salio kwa bei ya ugenini. Waambie wazazi wazime intaneti ya ugenini na wachague mtandao wao wenyewe kwenye mipangilio ya simu. Ni jambo la dakika mbili ambalo laweza kuokoa salio lote la siku.

2. Chagua siku kwa kalenda ya kijiji

Kalenda ya muhula haitoshi. Siku ya soko mtoto mkubwa huachiwa wadogo zake au hutumwa kubeba mzigo. Ijumaa watu wako safarini kwenda mazishini, na familia za Waadventista, ambao ni wengi katika kaunti hizi tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa karibu na Kendu Bay mwaka 1906, zinajiandaa kwa Sabato. Jumatatu haikupi nafasi ya kugawa kazi siku iliyotangulia. Zimebaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Toa humo siku ya soko la kwenu, chukua iliyosalia.

Epuka pia majuma ya kupanda na kupalilia. Halafu tazama matangazo ya Kenya Power kuhusu maeneo yatakayokatiwa stima kwa matengenezo. Ukanda wa ziwa hupata mvua nyingi za ngurumo alasiri, na ngurumo na stima haziivi chungu kimoja. Kila somo linalohitaji mtandao liwe limekwisha kabla ya saa saba mchana.

Ukishapata tarehe, mwandikie Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo na uiarifu bodi ya shule. Siku ya kujaribu isije ikaonekana ni shule iliyojipa likizo.

3. Lango la shule libaki wazi

Hili ndilo linalotofautisha siku ya masomo na siku ya utoro. Walimu wachache wabaki shuleni, darasa moja au mawili yafunguliwe, na mtoto yeyote aje. Atakuja asiye na simu, anayeachiwa mtoto mchanga wa kulea, ambaye nyumba yao ina kelele za chang'aa, au anayetegemea uji wa saa nne wa shule. Uji uendelee kupikwa.

Kwa wale wanaoishi mbali, tafuteni vituo: kanisa, ofisi ya chifu, banda la kamati ya usimamizi wa ufuo. Visiwani, kama Mfangano au Takawiri, kituo cha namna hiyo kinafaa kuliko kumvusha mtoto maji bure. Kila kituo kiwe na mtu mzima mmoja anayejulikana na shule, karatasi ya mahudhurio, na simu moja ya kabambe yenye salio.

4. Bahasha kwanza, bando baadaye

Kila mwanafunzi, hata yule ambaye baba yake ana simu ya bei, aende nyumbani siku iliyotangulia na bahasha ya karatasi. Ndani mwake muwe na kurasa mbili au tatu za kazi, ratiba ya siku, na nambari ya mwalimu wa darasa. Mtandao ukikatika, somo linaendelea. Mtandao ukiwapo, unakuja kuongeza sauti ya mwalimu juu ya karatasi ambayo tayari iko mkononi.

Msingi huu unatokana na 2020. Mwaka huo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha vipindi vya masomo kwa redio za KBC na kwa televisheni. Huduma ya Shupavu 291 ya Eneza Education ilituma masomo kwa ujumbe mfupi kwenye simu yoyote ile. Julai 2020 hata mabaluni ya Loon yalipaa juu ya maeneo kama Kisumu na Kisii kusambaza intaneti ya Telkom. Mwaka uliofuata mabaluni yalikuwa yameshashushwa, mradi umefungwa. Redio na ujumbe mfupi bado tunavyo. Shule isiweke siku yake nzima mikononi mwa teknolojia ambayo haina uwezo wa kuirudisha ikipotea.

Kama kuna redio ya jamii inayosikika kwenu, zungumza nayo mapema. Mfangano wana Ekialo Kiona, inayotangaza kwa Olusuba. Nusu saa ya mwalimu wa hadithi au wa kilimo hewani huwafikia hata wale ambao hawamo kwenye daftari lako, bibi na mjukuu wakasikiliza pamoja.

5. Masomo machache, majibu mafupi

Usihamishe ratiba ya kawaida ya vipindi vinane kwenda mtandaoni. Masomo matatu yanatosha kwa siku: moja la hesabu au sayansi, moja la lugha, moja la mikono. Lisiwe jambo jipya na gumu. Liwe zoezi la jambo lililokwisha kufundishwa, linalotumia vitu vilivyo nyumbani.

Mfano wa hisabati ya Gredi ya Saba. Karatasi inasema: gunia la mahindi lina kilo 90, na gorogoro moja hubeba takriban kilo 2. Gunia litatoa gorogoro ngapi? Muulize mtu mzima gorogoro inauzwaje leo. Mwenye gunia atapata shilingi ngapi akiliuza lote kwa gorogoro? Sasa uliza bei ya gunia zima sokoni. Faida ni ngapi?

Zoezi hili halihitaji intaneti hata chembe. Linamlazimisha mtoto kuzungumza na mzazi, na jibu lake linaingia kwenye ujumbe mfupi wa namba nne: gorogoro, bei, jumla, faida. Mwalimu ataona bei za Awendo na za Sindo zikitofautiana, na hiyo ndiyo mada ya kipindi cha kesho yake. Pima kila kazi kwa kipimo hicho: je, jibu lake linaweza kutumwa kwa kabambe? Kama haliwezi, libaki kwenye daftari na lirudi shuleni kesho.

Sauti ya mwalimu ni ya thamani kuliko video yake. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye WhatsApp hauzidi megabaiti moja, ilhali saa moja ya video ya darasa inaweza kula mamia ya megabaiti. Rekodi siku moja kabla, mahali pasipo upepo wala kuku, na useme mambo matatu tu: leo tunafanya ukurasa gani, pale wengi wanapokosea ni wapi, na jibu litumwe kwa nani. Kwa watoto wadogo, mwalimu anaweza kurudia maelezo hayo kwa Dholuo au Kikuria ili nyanya anayemsimamia mtoto naye aelewe kinachotakiwa. Mwanafunzi asiyesikia asitumiwe sauti. Atumiwe video fupi ya ishara au maelezo yaliyoandikwa.

Kama mnataka kujaribu kipindi cha moja kwa moja, kiwe cha darasa moja la juu, kisiwe cha lazima, na kisizidi dakika thelathini. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40 hata hivyo. Wanafunzi wanne wanaweza kukusanyika kwenye simu moja chini ya mwembe, mradi mzazi mmoja awepo.

6. Ratiba inayofuata simu, isiyofuata kengele

Siku mbili kabla, tuma ujumbe mfupi mmoja kwa wazazi wote. Uwe chini ya herufi 160 ili usikatwe vipande viwili na kulipiwa mara mbili:

"Wazazi Gredi 7: Jumatano watoto watasoma nyumbani. Bahasha ya kazi watapewa Jumanne. Mwalimu atatuma sauti saa 3 asubuhi. Asiye na simu aje shuleni."

Siku yenyewe yaweza kwenda hivi:

Saa 2:00 hadi 2:45 asubuhi, kuita majina. Mzazi mwenye kabambe amfleshi mwalimu: mlio mmoja, akate. Haumgharimu kitu, na mwalimu anatia alama kwenye daftari. Nambari ziwe zimehifadhiwa kwa jina la mwanafunzi, la sivyo utakuwa na milio hamsini usiyojua ni ya nani. Wagawe wanafunzi kwa vijiji, kila kijiji robo saa yake.

Saa 3:00, ujumbe wa sauti wa somo la kwanza. Saa 4:00, mapumziko na uji. Saa 4:30, somo la pili. Saa 5:30 hadi 6:30, saa ya maswali: mwanafunzi anamfleshi mwalimu wa somo, mwalimu anampigia. Maswali matano yanayofanana ni ishara ya kutuma ujumbe mwingine wa sauti kwa kundi zima.

Mchana ni wa kazi ya mikono: kuchuja maji ya ziwa kwa kitambaa na mchanga na kuandika kilichoonekana, kupima urefu wa mihogo shambani, kumhoji mzee kuhusu mvua za zamani. Hapa simu haihitajiki.

Majibu yapokewe hadi saa 2 usiku. Huu ndio ukarimu utakaowaingiza wale ambao simu yao imeshinda barabarani siku nzima. Mwalimu hatakiwi kusahihisha usiku huo. Atie alama tu kwamba jibu limefika.

7. Mtoto awe salama

Kila mpango wa kuwaacha watoto nyumbani katika kaunti hizi uwe na sehemu hii. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulikuta kwamba Homa Bay na Migori, takriban wasichana 23 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Msichana anayeachwa peke yake mchana kutwa na anayeahidiwa bando na mtu wa pembeni yuko hatarini. Ndiyo sababu lango linabaki wazi. Ndiyo sababu pia shule isitoe kazi inayomlazimu mtoto kwenda kutafuta mtandao kwenye kituo cha biashara jioni.

Weka kanuni chache na uwasomee walimu na wazazi. Mawasiliano yote yapitie nambari ya mzazi au mlezi. Hakuna mwalimu anayemwandikia mwanafunzi faraghani. Kila kundi la WhatsApp liwe na wasimamizi wawili, mmoja wao mwalimu wa kike, na mipangilio iruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Hivyo hakutakuwa na matangazo ya mazishi, siasa na mikopo katikati ya hisabati.

Picha za watoto wakisoma nyumbani zisipelekwe Facebook kuipamba shule bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina mzaha: Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Naibu wa chifu na wazee wa Nyumba Kumi wajulishwe. Mtoto akionekana saa nne asubuhi kwenye shimo la dhahabu au akipara samaki ufuoni, wajue anapaswa kuwa wapi na wampigie nani.

8. Gharama zisiangukie mfuko wa mwalimu

Orodhesheni mapema: karatasi na wino, bahasha, bando la kila mwalimu, salio la kupiga simu za maswali, uji wa watakaokuja, na nauli ya kupeleka bahasha vituoni. Bodi ya shule ipitishe orodha hiyo. Karatasi ndiyo itakayochukua fungu kubwa, na hapo msibanie. Baneni kwenye video. Mwalimu akitumia bando lake mwenyewe mara moja atakubali kwa moyo mwema, mara ya pili mtandao "utamsumbua".

Walimu nao wajifunze kabla. Alasiri moja inatosha: kurekodi sauti na kuifuta, kuzima upakuaji wa picha usio wa lazima, kufunga kundi lisiandikwe na kila mtu, kupiga picha ya ukurasa ikasomeka. Mwalimu mchanga amfundishe mkongwe wakiwa wawili, si mbele ya kikao kizima.

9. Kesho yake, hesabu mambo matatu

Asubuhi inayofuata, kabla ya somo lolote, kila mwalimu wa darasa ahesabu: wangapi waliopata kazi, wangapi walioirudisha, na wangapi ambao hakuna aliyejua walipo siku nzima. Tarakimu hizo tatu ziandikwe ubaoni katika chumba cha walimu, darasa kwa darasa, wavulana na wasichana mbalimbali.

Ya tatu ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Jina moja moja lifuatiliwe kabla ya juma kwisha, kwa simu au kwa mguu. Mara nyingi utakuta nambari ya mzazi ilibadilika tangu mwaka jana, au mtoto amehamia kwa shangazi. Rekebisha daftari hapo hapo. Ya pili ikiwa ndogo, angalia kazi yenyewe: labda maelekezo yalikuwa marefu, labda jibu halikutumika kwa kabambe. Waulizeni na wazazi swali moja tu kwenye mkutano wao: ni nini kilichowashinda?

Shule isitangaze siku ya pili hadi daftari la simu liwe limesahihishwa na kila aliyekosekana awe amepatikana. Daftari hilo lipigwe chapa nakala tatu: moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa naibu wake, na moja ihifadhiwe mahali palipoinuka, mbali na mafuriko. Mvua ikifunga barabara Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi mwalimu wa darasa afungue ukurasa wa kwanza, aanze kupiga simu.